Mwaka wa Gari la Uwanja wa Ndege

Mzee Athumani alizikwa siku ya Alhamisi huko Lukozi, baada ya swala ya adhuhuri, pembeni ya shamba lake la viazi. Habari niliipata kwa Joeli, aliyenipigia simu asubuhi kabla sijabandika chai. "Stazia," aliniita, kwa jina ambalo siku hizi hakuna mwingine anayelitumia, "mzee wetu ametangulia. Tumebaki wawili." Nikakaa kwenye kigoda cha jikoni kwangu, hapa Rangwi, simu ikiwa imekwisha kukatika mkononi, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa machozi. Kilikuwa aibu. Kuna jambo langu ambalo Mzee Athumani alinifichia kwa zaidi ya miaka thelathini, bila mimi kumwomba na bila yeye kulitaja hata mara moja, na sasa ameondoka. Kulificha kulikuwa kumebaki kazi yangu peke yangu. Nilijua, hata kabla sijavaa viatu, kwamba sitaiweza.

Sitaeleza habari za kwetu wala za shule, hazihusiki hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa na mwandiko wa kupendeza, na niliajiriwa Lushoto mjini kupokea simu katika kituo kipya cha zimamoto ambacho hakikuwa na gari. Kituo chenyewe kilikuwa ghala la zamani la mboga. Walikuwa wamepaka chokaa ukutani, lakini harufu ya kabichi iliyooza ilikuwa imeingia kwenye sakafu na haikutoka mwaka mzima, hata tulipodeki kwa maji ya moto. Ndani mlikuwa na meza moja, simu nyeusi, daftari kubwa la matukio, na viti vitatu. Kwa miezi miwili tulikaa humo mimi na Joeli, kijana wa Kilutheri kutoka upande wa Soni ambaye alikuwa ameshapata mafunzo ya kuzima moto na hana cha kuuzimia. Tulikula plamu, tukatema mbegu dirishani, tukasubiri. Nikikumbuka sasa nadhani ile ndiyo ilikuwa miezi ya mwisho ya ujana wangu, na niliipitisha nikilalamika kwamba hakuna kinachotokea.

Gari lilikuja mwezi wa tatu. Halikuwa gari la zimamoto kama yale mnayoyaona mijini. Lilikuwa la uwanja wa ndege, mmoja wa viwanja vya huko chini tambarare, ambao ulikuwa umepata jipya na kuona uchungu kulitupa la zamani. Mtu mmoja mkubwa, ambaye sikuwahi kumwona, akasema wapewe watu wa milimani. Lilikuwa na rangi ya limau iliyopauka, magurudumu sita ambayo kila moja lilinifika kifuani, na ngazi ya kupandia kwenye kabini. Kiti cha dereva kilikuwa katikati, kioo kikubwa mbele yake kama dirisha la kanisa. Juu ya paa kulikuwa na mzinga, bomba nene la kurushia maji ambalo dereva mwenyewe aliliongoza kwa mkono wa chuma akiwa kitini, gari likiwa linatembea. Ndani ya tumbo lake kulikuwa na tangi la maji na tangi dogo la dawa ya povu. Dawa ile ilinuka kama kwato zilizochemshwa. Maji peke yake, nilikuja kufundishwa, hayazimi petroli; yanaibeba tu na kuitembeza. Povu ndilo linaloifunika na kuinyima pumzi, na gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya jambo hilo moja: ndege ianguke na mafuta yake, nalo lifike mwisho wa njia ya kurukia ndani ya dakika tatu.

Kutoka Mombo hadi Lushoto lilipanda kutwa nzima. Kwenye kona halikuweza kupinda kwa mara moja. Lilikwenda mbele, likarudi nyuma, likaenda mbele tena, mtu akiwa ameshika jiwe tayari kuliweka chini ya gurudumu. Watu walijipanga kando ya barabara kuliangalia kama arusi. Dereva aliyeshuka jioni ile alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini, kofia ya kufuma kichwani, vidole vimekakamaa kwa kukamata usukani. Huyo ndiye Mzee Athumani. Alikuwa ameliendesha gari lile miaka kumi na minne kule uwanjani, na alipoambiwa linapelekwa Lushoto aliomba aje nalo, kwa kuwa yeye ni mtu wa Lukozi na alitaka kustaafia karibu na kwao. "Shikamoo," nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, akaligeukia gari na kulipiga kofi la ubavuni. "Msilicheke. Halijawahi kuona mlima. Lilikuwa halijui kwamba barabara inaweza kupinda."

Miaka kumi na minne, na hakuwahi kuzima ndege hata moja. Hilo alilisema kwa shukrani, lakini pia kwa namna nyingine ambayo wakati ule sikuielewa. Kila asubuhi kule uwanjani waliliwasha, wakakimbia nalo hadi mwisho wa lami, wakarudi, wakaliosha. Alikuwa mtu aliyejiandaa maisha yake yote kwa moto mmoja, na moto ule haukuja. Kwetu aliendeleza mazoezi yaleyale. Jumamosi moja walitufanya tulionyeshe kwenye uwanja wa mpira, wakubwa wakiwa wamekaa kwenye viti, na Mzee Athumani akafungulia mzinga. Povu likapanda juu, likaanguka, likafunika goli zima. Watoto walizama humo mpaka shingoni, wakatoka wananuka kwato, mama zao wakawafukuza kwa kandambili. Kuanzia siku ile mjini walilibatiza Dobi.

Mchana tulikula kwa Mama Sifa, banda la mabati nyuma ya kituo, lenye meza mbili na dirisha lililotazama bonde. Alipika makande ya nazi siku za soko, na siku nyingine viazi na maharage, na chai ya maziwa iliyokolea tangawizi hadi ikawasha. Hapo ndipo Mzee Athumani aliponifundishia kazi, kijiko kikiwa hewani. "Simu ikilia, mambo matatu. Wapi? Nini kinaungua? Nani yuko ndani? Usiweke simu chini kabla hujayapata yote matatu. Hata mpigaji akilia. Hata akikutukana." Akanisaili kama mtoto wa katekisimu. "Haya sema." "Wapi, nini, nani ndani." "Tena." Joeli alicheka, akasema nitayaota. Mzee hakucheka. "Uwanjani hatukuwa na shida hiyo," alisema. "Ndege kila mtu anaiona. Huku moto utafichwa na vilima. Macho yangu ni wewe."

Kuna jambo jingine alilolifanya mwaka ule, na wengi hawalijui. Alipima madaraja. Alikuwa amekwisha kuona kwamba Dobi, likijaa maji, lina uzito ambao barabara zetu hazikuwahi kuuota. Basi kwa wiki tatu tuliazima baiskeli, mimi na yeye, na kamba yenye mafundo, tukazunguka kila njia ambayo gari lingeweza kuitwa. Alishuka chini ya kila daraja, akagonga magogo kwa jiwe, akasikiliza. Mimi niliandika. Daraja la zege, linapita. Daraja la magogo, halipiti. Kona hii, gari litabaki. Tulipomaliza, orodha ilikuwa na kurasa nne, na njia ambazo Dobi lisingepita zilikuwa nyingi kuliko zile ambazo lingepita. Niliinakili kwa mwandiko wangu mzuri, tukaipeleka ofisini, tukaambiwa itashughulikiwa. Tulirudi mara mbili kuulizia. Mara ya pili karani alitutazama kwa huruma na kusema, "Mzee, si mmepewa gari? Wenzenu hawana hata baiskeli." Mzee Athumani alimshukuru. Tulipofika kituoni alizunguka gari mara moja, akashika matairi yake moja baada ya jingine, akaingia ndani kuketi.

Moto ulikuja msimu wa plamu uliporudi, mchana kweupe, siku ya soko, Joeli akiwa anachana muwa mlangoni. Simu ikalia. Mwanamke alikuwa anahema. Alisema anaitwa Tabitha, muuguzi wa zahanati ya Kwembale, kijiji kilichopo kando ya barabara ya kwenda Lukozi, ng'ambo ya mto. Nilimsikia vizuri kuliko ninavyomsikia mtu yeyote leo.

"Nyumba inaungua huku, juu ya zahanati. Nyumba ya Shekifu, yule anayeuza petroli ya pampu za bustani."

"Petroli?"

"Petroli, dada. Madumu, na pipa. Watu wanaleta ndoo za maji."

Lazima niseme ukweli hapa, maana ndio sababu ya kuandika. Nilifurahi. Petroli! Kitu kilekile ambacho Dobi lilizaliwa kwa ajili yake, baada ya miezi ya vichaka na jiko moja la mkaa. Damu ilinipanda masikioni. "Waambie wasimwage maji!" nikasema kwa sauti ya mtu anayejua. "Maji yatautembeza moto. Waambie warudi nyuma wote, pipa linaweza kulipuka. Mtu yeyote asisogee. Gari linakuja, lina dawa yake."

"Linakuja kweli?"

"Linakuja sasa hivi. Subirini."

Nikasikia anaanza neno jingine. Sikulingoja. Niliweka simu chini, nikapiga kelele kwamba ni moto, barabara ya Lukozi, Joeli akatupa muwa, na Mzee Athumani alikuwa ameshakanyaga ngazi. Alinipungia mkono nipande. Watatu ndio tuliokuwepo na alihitaji mtu wa kuangalia pembeni kwenye kona. Nikapanda. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye kabini ile gari likikimbia. Tulipita sokoni king'ora kikilia, watu wakashangilia, mtu mmoja akatupa kofia juu.

Tulikuwa tumefika Magamba, ukungu ukipita kati ya miti, ndipo Mzee aliponiuliza bila kugeuka. "Wapi?"

"Kwembale."

Mguu wake ulilegea kwenye mafuta. Ulikuwa ni muda mfupi sana, halafu akakanyaga tena. "Daraja la Kwembale ni la magogo," alisema.

"Lipo kwenye orodha," nikasema. Na kweli lilikuwepo, ukurasa wa pili, nililiandika mwenyewe: halipiti. Kwenye simu sikulikumbuka. Au nililikumbuka nikalisukuma pembeni, kwa sababu mpokea simu wa zimamoto hawezi kumwambia mtu mwenye moto kwamba hatuji. Nimejiuliza hili miaka mingi na jibu hubadilika kulingana na jinsi nilivyolala.

"Nini kinaungua?" "Petroli." "Nani yuko ndani?"

Nilitoa kichwa dirishani kuangalia kona. Aliligeuza gari kwenye kona, akarudi nyuma, akaenda mbele, jasho likimtiririka chini ya kofia. Hakuuliza tena.

Tulifika mtoni baada ya nusu saa hivi. Ng'ambo, juu ya matuta ya kabichi, nyumba ilikuwa inaonekana yote, ukubwa wa kiberiti, na moshi mweusi umesimama juu yake. Watu walikuwa wamekaa mbali nayo, nusu duara, kama walivyoambiwa. Walipotuona walisimama wakaanza kupiga mayowe na kupunga nguo. Hawakuwa wanatukana. Walikuwa wanafurahi. Mzee Athumani aliruka chini, akaingia chini ya daraja, akagonga magogo kwa jiwe. Nilimwona akiyagonga mara ya pili na ya tatu, mahali palepale, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina mtu. Alipotoka, wanaume wawili walikuwa wamekimbia hadi upande wa pili. "Vukeni! Mnangoja nini?" mmoja alilia. "Mwanaidi yumo ndani! Kampitisha mtoto dirishani, yeye yumo ndani!"

Mwanaidi alikuwa mke wa Shekifu. Alikuwa na siku kumi na tisa tangu ajifungue, na chumba alichopumzikia kilikuwa nyuma ya stoo ya petroli, mlango wake ukipitia stoo na dirisha lake likiwa na nondo. Hayo niliyajua baadaye. Pale mtoni nilijua jina tu.

Gari lingevunja daraja, tungekufa sisi watatu, na Kwembale wangebaki bila njia ya kupeleka hata mgonjwa. Mzee alijua hivyo na mimi nilijua. Hata hivyo alipanda, akaweka gia, magurudumu ya mbele yakakanyaga gogo la kwanza. Likalia. Alirudi nyuma. Joeli alishachukua mtungi mmoja wa kuzimia moto mgongoni na mwingine mkononi, akavuka mbio, akaanza kupanda matuta. Mimi nilibeba mtungi wa tatu nikamfuata, nikaanguka, nikainuka. Nyuma yetu pampu ilinguruma. Mzee Athumani alikuwa ameuelekeza mzinga ng'ambo na kuufungulia mpaka mwisho. Niligeuka nikaona povu likiruka juu ya vichwa vyetu, jeupe, zuri, likapinda, likaanguka kwenye kabichi. Alirekebisha, akaliinua zaidi. Likaanguka palepale. Mzinga ule ulipimwa kwa ajili ya kusimama karibu na ndege. Haukuwa na jinsi ya kufika. Naye aliendelea. Tulipofika juu paa lilikuwa limeshaanguka na joto halikuturuhusu kusogea, tukamwaga mitungi yetu kwenye mlango ambao haukuwa mlango tena, na bado kule chini niliona lile povu likija, likipinda, likianguka, mpaka tangi likaisha.

Shekifu alikuwa ametoka bustanini akakuta paa linashuka. Alikuwa amevuta mabati kwa mikono mitupu hadi wakamkamata. Tabitha alikuwa amekaa chini na kichanga kwenye khanga. Na fundi mmoja wa kujenga nyumba, anayeitwa Mbaruku, alikuwa amesimama peke yake, sururu mkononi, akisema na hewa. "Ukuta wa nyuma ni udongo mtupu," alisema. "Mapigo kumi. Nilikuwa nayo mkononi hii. Nikaambiwa zimamoto wamesema tusisogee." Alirudia tena, kwa utaratibu, kama anayemweleza mtu asiyesikia vizuri. Hakujua mimi ni nani. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Jioni ile kituoni nililifungua daftari la matukio. Nilijaza mahali, saa, kinachoungua. Mstari wa nne ulisema: Watu ndani. Kalamu yangu ilikaa hapo. Mzee Athumani alikuwa kwenye kiti chake, viatu vimejaa matope, ananitazama. Hatimaye aliinuka, akanitoa kalamu vidoleni, akaandika kwa mwandiko wake wa kuchechemea: *Mpigaji hakujua.* Akalifunga. "Nenda kalale, mwanangu," alisema. Wakubwa walipokuja kuuliza alisema hivyohivyo, mpokea simu aliuliza yote matatu, mpigaji hakujua. Hakuna aliyekwenda kumwuliza Tabitha. Mtu mwaminifu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi alisema uongo mbele yangu akiwa amevua kofia, na mimi nikatazama sakafu.

Siku chache baadaye tulikuwa kwa Mama Sifa, watatu. Nyuma ya ukuta wa mabati wachuuzi wawili walikuwa wanakunywa chai. "Lile Dobi?" mmoja alisema. "Limepanda mlima wote huu kuja kumwagilia kabichi." Wakacheka, si kwa ubaya, jinsi watu wanavyocheka jambo ambalo wangepaswa kulilia. Mama Sifa alitoka nje haraka kuwakanya. Mzee Athumani alimaliza makande yake yote, kijiko kwa kijiko, akashukuru kwa Kisambaa, hongea, akatoka. Niliacha kazi mwisho wa mwaka ule. Dobi lilipasuka tairi, jingine la kufanana nalo halikupatikana kokote, likakaa nyuma ya ghala likiota majani, kisha nikasikia limechukuliwa. Na baadaye sana daraja la zege lilijengwa Kwembale. Nimelipita mara nyingi. Ni zuri.

Kwenye matanga, juzi, nilikaa na wanawake upande wa jikoni. "Onga mshi," waliniamkia, wakanisogezea mkeka. Nilikuwa nimepewa sahani ya wali na nyama, naitazama tu, mwanamke mmoja wa miaka thelathini na kitu alipokuja kupiga magoti mbele yangu.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye Mama Stazia wa zimamoto?"

"Marahaba. Ndimi."

"Mimi naitwa Salma, binti Shekifu wa Kwembale. Babu Athumani alikuwa anakuja kwetu kila mwaka, msimu wa plamu. Ndiye aliyenisomesha Kiingereza, ndiye aliyenitafutia nafasi ya sekondari. Alikuwa akisema, kama kuna mtu wa kumshukuru ni yule dada aliyepokea simu, maana alitoa gari bila kupoteza dakika." Alinishika mikono yote miwili. "Nilikuwa natamani sana nikuone nikushukuru."

Nilijua hapo kwamba siwezi kuipokea shukrani ile. Nilitaka kunyamaza, nilikuwa na mazoezi ya kutosha. Lakini aliponishika mikono nilimwona ana alama ndogo kwenye paji, kama ya kukwaruzwa na nondo ya dirisha, nikamwambia. Nilimwambia juu ya maswali matatu na lile la tatu ambalo sikuliuliza, juu ya neno la Tabitha ambalo sikulingoja, juu ya daraja ambalo nililiandika mwenyewe, juu ya Mbaruku na sururu yake. Nilimwambia kwamba maneno "mtu yeyote asisogee" yalitoka kinywani mwangu. Hakuiondoa mikono yake. Ilipoa tu, polepole, ndani ya yangu, kisha akaitoa ili ajifute pua kwa ncha ya mtandio.

"Na babu alijua?"

"Alijua. Ndiye aliyenifichia."

Wanawake walipita na masufuria juu ya vichwa vyetu. Nilitegemea atanitukana. Ningeshukuru. "Baba yangu," alisema mwishowe, "miaka yote analala na neno moja, kwamba petroli ilikuwa yake. Hakuoa tena. Hakuuza tena hata mafuta ya taa. Yuko pale nje. Twende ukamwambie."

Nilitaka kusema siku nyingine, msiba si mahali pake. Salma alikuwa ameshasimama.

Shekifu alikuwa mwisho wa mkeka wa wanaume, karibu na shamba, amechoka kuliko umri wake. Vidole vyake vilikuwa vimepinda na ngozi yake iling'aa kama maganda ya kitunguu. "Baba," Salma alimwambia, "huyu ndiye mama aliyepokea simu siku ile." Alijaribu kuinuka kuniheshimu. Nilimzuia, nikamwamkia, nikasema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitamaliza. Alisikiliza akitazama viazi. Alipouliza, aliuliza kitu kimoja.

"Mbaruku angeuvunja?"

"Alisema mapigo kumi, kaka."

Akatikisa kichwa, kama anayehesabu mapigo yale.

"Petroli ilikuwa yangu," akasema.

"Kaka, nakwambia kwamba mimi ndiye niliye..."

"Nimekusikia, dada yangu. Nimekusikia vizuri sana." Hakukuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayekataa kupokewa mzigo njiani kwa kuwa ameshauzoea uzito wake na hajui atatembeaje bila huo. "Petroli ilikuwa yangu."

Salma aligeuza uso. Shehe akaanza dua, na wanaume wote wakainua mikono. Shekifu akainua yake, vidole havikunyooka. Mimi nilisimama nyuma yao na mikono yangu, nisijue niiweke wapi.